Kumi Kasoro Moja

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa watu wanaojifunza kuandika programu. Waliokosa kufika wameomba maneno yake yote, basi haya hapa, karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha; palipo lazima nimeeleza kilichokuwamo.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, na ninyi wenzangu mlioketi nyuma kabisa karibu na mlango ili mtoroke bila kuonekana: nawasalimu nyote.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Zamani, nikiwa bado mwanagenzi, nilipewa kazi ya kuunganisha mafaili ya riwaya moja. Kila sura ilikuwa kwenye faili lake, na jina la faili lilikuwa namba ya sura kwa Kirumi: I, II, III, hadi X. Nikaandika programu fupi mno. Soma majina, yapange, unganisha. Nikaijaribu kwa sura tatu za kwanza, ikakubali. Nikaituma kazi, nikaenda kulala.

Asubuhi simu ikalia. Aliyepiga hakusalimia. Aliuliza tu, "Huyu marehemu mbona anacheka?"

Marehemu alikuwa amezikwa vizuri katika sura ya tisa, watu wamelia, kaburi limefukiwa. Ukurasa unaofuata, sura ya tano, yuko barazani anacheka na wajukuu. Kwa nini? Kwa sababu programu yangu iliyapanga majina kialfabeti: I, II, III, IV, halafu IX, ndipo V. Katika alfabeti I inaitangulia V, basi IX ikapita mbele ya V bila kuuliza mtu. Mimi niliona namba. Kompyuta iliona herufi. Na kompyuta ndiyo iliyokuwa sahihi, maana sikuwa nimeiambia lolote zaidi ya herufi.

Tangu siku ile nimekuwa na urafiki wa ajabu na zoezi hili ambalo ninyi nyote mmeshapewa, au mtapewa: andika programu inayopokea namba ya Kirumi na kurudisha namba kamili. Linaonekana zoezi la watoto. Wengi hulimaliza kabla ya kengele. Nami leo nataka niwaulize swali moja tu, nilirudie mpaka mnichoke: unapoiandika programu hiyo, unaisomesha kompyuta nini hasa? Mtaniambia, thamani ya herufi. Ngojeni tuone.

Nani hapa hajui saa nne kasorobo? Nani hajawahi kusema saa mbili kasoro dakika kumi? Basi namba za Kirumi mnazijua tayari, mlizaliwa nazo mdomoni. IX ni kumi kasoro moja. XL ni hamsini kasoro kumi. CM ni elfu kasoro mia. Herufi zenyewe ni saba: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Kubwa hutangulia, ndogo hufuata, nawe unajumlisha: LXVI ni 50 na 10 na 5 na 1, jumla 66. Ndogo ikithubutu kuitangulia kubwa, hiyo ndogo ni kasoro. Basi. Vitabu vya shule vinaruhusu kasoro sita tu: IV, IX, XL, XC, CD na CM. Sifuri haipo.

Msishangae sifuri kukosekana. Warumi hawakuzitumia herufi hizi kukokotoa. Walihesabu kwa vijiwe kwenye ubao, wakapata jibu, kisha wakaliandika. Herufi zilikuwa za kuwekea kumbukumbu. Atakayebisha azidishe XLVII kwa XIX kwenye karatasi bila kuzigeuza kichwani, kisha anieleze alivyojisikia. Na zilipokuja tarakimu tunazotumia leo, hazikupokewa kwa vigelegele: mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence, mji wa Italia, kiliwakataza wanachama kuziandika katika vitabu vya hesabu, na miaka karibu mia kabla yake, 1202, mwanahisabati Fibonacci alikuwa ameandika kitabu kizima kuzitetea. Mwanachuoni aliyezieleza kabla yao, kule Baghdad katika karne ya 9, aliitwa al-Khwarizmi. Walatini walilitamka jina lake Algoritmi. Kumbe kila mkitamka neno algorithi, yaani hatua za kutatua tatizo, mnamtaja mtu ambaye tarakimu alizozieleza ndizo zilizozistaafisha namba za Kirumi, kisha mnakwenda kutumia algorithi kuzisoma hizo hizo zilizostaafu. Tuendelee.

Sasa twende kwenye programu yenyewe. Nawajua mnavyoanza, kwa sababu hata mimi nilianza hivyo hivyo. Sharti: ukikuta IV, ongeza 4. Sharti: ukikuta IX, ongeza 9. Sharti: XL, 40. Unafika sharti la sita, unaongeza saba za herufi moja moja, mnara wa masharti kumi na matatu. Unafanya kazi? Unafanya. Simcheki mtu. Lakini mtu akikuuliza kanuni iko wapi humo ndani, utamwonyesha mnara mzima.

Aliyekaa na tatizo siku mbili tatu huja na kitu chepesi zaidi. Simama kwenye herufi. Chungulia ya mbele yake. Iliyo mbele ikiwa kubwa kuliko hii uliyosimamia, hii itoe; la sivyo ijumlishe. Songa mbele. Hayo tu! Tuipitishe MCMXCIV kwa sauti, pamoja.

M, mbele yake C, ndogo: jumlisha, tuna 1000. C, mbele yake M, kubwa: toa mia, tuna 900. M, mbele yake X: 1900. X, mbele yake C: toa kumi, 1890. C, mbele yake I: 1990. I, mbele yake V: toa moja, 1989. V, mbele yake... mbele yake nini?

Mbele yake hakuna kitu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo programu za watu zinapoangukia. Imefika herufi ya mwisho, imeambiwa ichungulie, inachungulia nje ya ukuta. Lugha nyingine ya programu itakupigia kelele na kusimama. Lugha nyingine itakupa takataka kimyakimya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Herufi ya mwisho haina wa kuitia kasoro, hivyo hujumlishwa daima. Iandikieni hivyo. 1989 na 5, tumefika 1994.

Tazameni jumla ilivyotembea: 1000, 900, 1900, 1890, 1990, 1989, 1994. Inarudi nyuma kidogo kila mara kabla ya kuruka, kama mtu anayevuka mfereji. Nikiwa na mwanafunzi ambaye hajaelewa, simwonyeshi msimbo. Namwandikia mfululizo huo wa namba kwenye karatasi namwambia aniambie zinapoyumba ni wapi.

Njia ya pili ni ya wale wanaopenda kuanzia mwisho. Anza herufi ya mwisho, rudi mwanzo. Weka kigeu kimoja, yaani kisanduku cha kuwekea thamani, kinachokumbuka herufi kubwa kuliko zote ulizokwisha kukutana nazo. Uliyoshika ikiwa ndogo kuliko hiyo, itoe. La sivyo ijumlishe, nayo iwe ndiyo kubwa mpya. Hakuna kuchungulia nje ya ukuta. Kitanzi kimoja (hatua zinazojirudia kwa kila herufi), kigeu kimoja, kwisha.

Nyosheni mikono. Ni nani angechagua ya kwanza, ya kuchungulia mbele? ... Na ya pili, ya kurudi nyuma? ... Mmegawanyika karibu sawa kwa sawa. Vizuri. Na mngekuwa mnaandika majaribio, mngesema zipi sahihi? Zote mbili! Andikeni programu ya kinyume, inayogeuza namba kamili kuwa ya Kirumi. Hiyo ni rahisi, ni jedwali la mistari kumi na mitatu kutoka 1000 hadi 1, na kutoa kubwa kwanza. Kisha zungusheni kila namba kutoka 1 hadi 3999, kwa kuwa MMMCMXCIX ndipo kanuni ya shule inapokomea. Elfu nne haiandikwi kwa M nne. Programu zote mbili zitapata 3999 kwa 3999. Hivi ni wapi pengine katika kazi yetu mtu anapata bahati ya kujaribu kila kitu kilichopo duniani, kwa muda wa kupepesa jicho? Nami kwa miaka niliamini hivyo. Nimejaribu kila kitu. Sina la kuogopa.

Halafu nikakutana na jiwe.

Jiwe lenyewe liko katika makumbusho ya Bonn, Ujerumani. (Hapa ukumbini walikuwa wakiiona picha yake: mwanajeshi wa Kirumi kifua mbele, amevaa nishani zake zote, ameshika fimbo ya cheo, pembeni yake vichwa vya watu wawili waliokuwa watumwa wake akawaacha huru, chini yao maandishi.) Jina lake Marcus Caelius, akida, kwa neno lile lile la akida mnalolisoma katika Injili. Jiwe aliliweka kaka yake, au mdogo wake, Kilatini hakisemi. Linaeleza kwamba aliuawa katika vita vya Varus, jemadari wa Kirumi. Hiyo ni mwaka 9 Baada ya Kristo, katika msitu wa Teutoburg, ambako legioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, zilifyekwa: ya 17, ya 18 na ya 19. Warumi hawakuzipa legioni nyingine namba hizo tena. Mtu huyu alikuwa wa legioni ya 18.

Sasa, kumi na nane mnaiandikaje? XVIII. Nanyi mko sawa na vitabu vyenu vyote. Jiwe limeandika XIIX.

Someni tena, taratibu. X, I, I, X.

Tuipe programu ya kwanza, ile ya kuchungulia mbele. X, mbele yake I: 10. I, mbele yake I. Hii si kubwa kuliko hiyo, zinalingana, basi jumlisha: 11. I, mbele yake X: toa, 10. X, ya mwisho: 20.

Ishirini! Na mnajua kilicho kibaya? Legioni ya 20 ilikuwapo kweli. Haikufia kwenye msitu ule. Miaka baadaye ilivuka bahari ikaenda kupigana Uingereza. Programu yangu haikupiga kelele, haikusema "sielewi". Ilimchukua marehemu ikamhamishia kikosi kilichobaki hai. Kwa mara ya pili katika maisha yangu, programu yangu ilikuwa imefufua mtu. (Watu walicheka. Mimi pia.)

Tuipe sasa programu ya pili, ile ya kurudi nyuma. X: 10, na kubwa yetu ni X. I, ndogo kuliko X: 9. I, bado ndogo kuliko X: 8. X, si ndogo: 18.

Kumi na nane.

Programu mbili. Zote zimepita majaribio 3999. Moja inampeleka akida kwenye legioni yake, nyingine inamwacha legioni ya watu. Swali langu la mwanzo narudia: uliisomesha kompyuta nini hasa? Thamani ya herufi? Thamani ya herufi ni ile ile kwa zote mbili, jedwali la mistari saba, hakuna aliyebadilisha kitu. Kilichotofautiana ni dhana kuhusu mkono uliochonga. Programu ya kwanza inaamini kwamba mchongaji hutoa herufi moja tu, iliyogusana na kubwa yake. Ya pili inaamini kwamba chochote kidogo kilichotangulia kikubwa, hata zikiwa mbili, ni kasoro.

Na mchongaji wetu je, alikosea? Msikilizeni akizungumza. Kwa Kilatini kumi na nane huitwa duodeviginti, maana yake mbili kutoka ishirini. Ishirini kasoro mbili! Kumi na tisa nayo ni undeviginti, ishirini kasoro moja. Mtu aliyekua akisema ishirini kasoro mbili kila siku, akiziweka zile mbili mbele ya X, amefanya jambo gani la ajabu? Aliandika alivyotamka. Sisi ndio tuliokuja baadaye na kitabu cha shule, tukamwambia hajui namba za kwao.

Lakini ninyi mlionyosha mikono kwa programu ya pili, msinitazame kwa fahari hiyo. Mlikuwa mnafikiria XIIX mlipoichagua? Mliipenda kwa kuwa ni fupi. Na majaribio yale 3999 hayakuweza kutusaidia, kwa sababu aliyeziandika zile namba alikuwa ni programu yangu nyingine, yenye kitabu kile kile cha shule. Nilijitungia mtihani, nikajisahihishia, nikajipa mia kwa mia.

Mkishalijua hilo mtaanza kuyaona mambo kila mahali. Nendeni Roma, kwenye Colosseum, uwanja uliozinduliwa mwaka 80. Matao ya chini yalikuwa 80, na 76 kati yake yaliwekewa namba juu, ili mtazamaji aingie kwa lango lake. Zilizobaki hadi leo ni kuanzia XXIII hadi LIIII. Mmesikia hiyo ya mwisho? Lango la 54 ni LIIII, si LIV. Basi mtasema, Warumi wa uwanja ule hawakujua kasoro. Nendeni lango la 44. Limeandikwa XLIIII. Arobaini kwa kasoro, nne bila kasoro, katika namba moja, kwa patasi moja! Tazameni pia saa za ukutani zenye namba za Kirumi: nyingi zimeandika IIII mahali pa nne, na IX mahali pa tisa, nasi tumezitazama maisha yetu yote bila kushtuka. Ile saa kubwa ya Westminster, London, ndiyo ya kushangaza, kwa maana imeandika IV.

Na msidhani ni mambo ya kale tu. Tao la Admiralty, London hiyo hiyo, limeandikwa mwaka 1910 hivi: MDCCCCX. Jumba la makumbusho ya sanaa la Saint Louis, Marekani, lina mwaka 1903 mlangoni ulioandikwa MDCDIII, yaani elfu, mia tano, kisha mia tano kasoro mia, na tatu. Hakuna kitabu kinachoruhusu hiyo. Lakini ipitisheni kwenye programu zetu zote mbili, zinatoa 1903 bila kigugumizi.

Au kaeni tu mlipo mfungue Microsoft Excel, ile programu ya majedwali. Ina amri inayogeuza namba kuwa ya Kirumi, na unaweza kuiambia ifupishe kwa kiasi gani. Iombe 499 na itakupa majibu matano: CDXCIX, LDVLIV, XDIX, VDIV, na mwisho kabisa ID, mia tano kasoro moja. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani kompyuta yangu inaumwa. Nikayapitisha yote matano kwenye programu ya kuchungulia mbele. 499, 499, 499, 499, 499. Kanuni yetu ya mistari michache ni pole kuliko tulivyoijua. Inakubali karibu chochote.

Na huo upole ndio jambo langu la mwisho kubwa, maana upole nao una gharama.

Mmoja wenu anipe neno la Kiswahili lililojaa herufi za Kirumi tupu. ... Hakuna? Nitawapa langu. MIMI. M ni elfu. I mbele yake M, toa moja, 999. M, 1999. I ya mwisho, 2000. Mimi ni elfu mbili! Neno ILI je? Toa moja, ongeza hamsini, ongeza moja: hamsini. DVD ni 995. Niliwahi kuandika programu ya kutafuta namba za Kirumi ndani ya maandishi na kuzigeuza kuwa tarakimu. Mnaweza kukisia ilivyozifanya sentensi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi kubwa. "2000 nilikuja mapema 50 tuonane."

Kwa hiyo kusoma ni kazi nusu. Nusu nyingine ni kukataa, na kukataa ndiko kugumu. Pigeni hesabu nami. Herufi saba, ukizipanga katika mfululizo wa herufi kumi na tano, unapata mifululizo 4,747,561,509,943. Zaidi ya trilioni nne na laki saba za milioni. Katika hiyo yote, unajua ni mingapi iliyo namba halali kwa kanuni ya shule? Mmoja. MMMDCCCLXXXVIII, yaani 3888. Mmoja tu! Na programu zetu mbili zingeupa kila mmoja wa ile mingine jibu, kwa uso mkavu, bila kupepesa.

Namna ya kukataa mnayo tayari, ni ile programu ya kinyume. Mtu akikupa herufi, zigeuze kuwa namba kamili. Namba hiyo igeuze tena kuwa ya Kirumi. Linganisha na ulichopewa. Zikilingana, halali. MIMI inatoa 2000, 2000 inarudi kama MM, MM si MIMI, kataa. Safi, na haihitaji mnara wa masharti.

Ila sasa kumbukeni lango la 44. XLIIII inatoa 44, 44 inarudi kama XLIV, hazilingani, kataa. Umelifungia nje lango lililosimama pale karibu miaka elfu mbili. Mchongaji wa akida umemfungia. Saa ya ukutani umeifungia. Utafanyaje?

Nitawaambia ninavyofanya mimi, na atakayekuwa na bora zaidi anikosoe. Programu yangu siku hizi hairudishi namba peke yake. Inarudisha namba na neno: "kawaida" au "si kawaida". Fomu ya kujazwa na watu leo ikiniletea XLIIII, naikataa kwa adabu na kumwonyesha mtu XLIV. Orodha ya maandishi ya mawe ikiniletea XLIIII, naipokea kama 44 na kuandika pembeni kwamba mchongaji alikuwa na njia yake. Zote mbili hutumia kitanzi kile kile. Kinachobadilika ni jibu la swali ninalomuuliza mteja kabla sijagusa kibodi: maandishi haya yameandikwa na nani? Wateja huniona msumbufu. Wananiambia, si ni namba tu?

Kuna madogo nitayapita haraka, kwani naona mwenyekiti anatazama saa, na sijui hata ni saa yenye IIII au IV. Herufi mnazopewa huenda si herufi. Kiwango cha Unicode, orodha ya herufi na alama ambazo kompyuta huzitambua, kina alama maalumu za namba za Kirumi, ambapo Ⅳ ni alama moja, si I na V. Kwa jicho huoni tofauti. Programu yako itaitafuta kwenye jedwali la mistari saba na kuikosa. Zisawazishe kwanza ziwe herufi za kawaida. Pia kuna wanaoandika kwa herufi ndogo, xiv. Unazikuza ziwe kubwa, si ndiyo? Kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki, i ikikuzwa inabaki na nukta yake, İ, kwa kuwa Waturuki wana i mbili, yenye nukta na isiyo nayo. XİV haimo kwenye jedwali lako. Hitilafu hiyo hutaiona kamwe kwenye mashine yako mwenyewe, utaletewa na mtu. Na kwenye nyaraka za kisheria, ukikuta kifungu (i), tazama kilichotangulia: kikiwa (h), hiyo ni herufi ya tisa ya alfabeti, kisipokuwapo kitu, huenda ni moja ya Kirumi. Hapo hata binadamu hubishana.

Nimalizie kwa kurudi kwenye jiwe, maana kuna herufi moja niliyowaficha. Umri wa akida Caelius umechongwa pale pale, baada ya legioni yake. Umeandikwa LIII. Hamsini na tatu, programu zote mbili zinakubaliana, hakuna ugomvi. Lakini baada ya LIII kuna S.

S haimo kwenye jedwali letu. Nilipoipitisha, programu zote mbili zilisimama na kulalamika. S ni semis, nusu. Aliishi miaka hamsini na mitatu na nusu, na nduguye aliona ile nusu inafaa kulipiwa mchongaji. Zoezi lilisema rudisha namba kamili. Mimi mpaka leo sijaamua nifanye nini na hiyo S: niongeze mstari wa nane kwenye jedwali na kuacha kurudisha namba kamili, au niikate. Mwenye jibu anifuate pale mlangoni, pamoja na wale waliopanga kutoroka.

Asanteni sana.